Mimi Mwislamu nasoma fasihi ya Kiingereza chuoni. Kwa nini tunasomeshwa Biblia, na niisomeje?

#1 Binti Chumbageni
Salaam wanajukwaa.

Niko mwaka wa pili, nasoma fasihi ya Kiingereza kwenye chuo kimoja hapa Dar. Muhula huu tuna kozi ya kusoma Biblia sambamba na riwaya na mashairi ya Kiingereza. Tumepangiwa Mwanzo, nusu ya Kutoka, Ruthu, Ayubu, zaburi kadhaa, Mhubiri, Injili ya Marko na Ufunuo. Mwanzo unakwenda na mshairi Mwingereza Milton, Ayubu anakwenda na Melville wa Marekani, na kadhalika.

Nimekulia Tanga, madrasa tangu nina miaka mitano, sekondari nimefanya EDK (Elimu ya Dini ya Kiislamu). Wiki iliyopita semina ilikuwa Moby-Dick, riwaya ya Melville ya mwaka 1851 kuhusu nahodha anayemwinda nyangumi. Msimulizi anaanza kwa kutaka aitwe Ishmaeli. Mhadhiri akauliza, Ishmaeli ni nani? Nikanyoosha mkono kwa mara ya kwanza muhula mzima. Nikasema ni nabii, mtoto mtiifu wa Nabii Ibrahimu, aliyejenga Kaaba na baba yake. Darasa likacheka. Mhadhiri akasema, "Katika Biblia siye huyo," akampa nafasi mwingine, naye akajibu kwamba Ishmaeli ni mtoto wa mjakazi aliyefukuzwa nyumbani.

Nimerudi hosteli nimevunjika moyo. Maswali yangu mawili: kwa nini mtu anayesoma Kiingereza alazimike kujua Biblia? Na sisi ambao hatukukua nayo tuisomeje?

#2 Mlevi wa Vitabu
Pole sana dada. Jibu mbona rahisi: waandishi wenyewe walilelewa nayo. Shakespeare tangu utotoni alisoma Biblia ya Mfalme James, ndiyo maana imejaa kwenye tamthilia zake. Usipoijua unasoma nusu kitabu.

#3 HGL_2009
Mkuu namba 2, hoja yako nzima ila ushahidi umeteleza. Shakespeare alizaliwa 1564. Biblia ya Mfalme James ilitoka 1611, tamthilia zake karibu zote zimeshaandikwa, na yeye akafariki 1616. Alizozijua ni Biblia ya Geneva ya 1560 na ile ya Maaskofu ya 1568, pamoja na kitabu cha sala kilichosomwa kanisani kila Jumapili. Ile ya Geneva ilikuwa na maelezo pembeni mwa ukurasa, mengine yanawagusa wafalme pabaya, na James hakuyapenda kabisa. Hiyo ni sababu mojawapo ya kutaka tafsiri mpya.

#4 Kipanga wa Ilala
Naomba niseme lisilosemwa. Huu ni urithi wa mkoloni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Makerere nayo ilishikamana na London tangu 1949. Mtaala ulikuja kwenye sanduku moja na Biblia. Mtoto wa Tanga ana tenzi za babu zake, anaambiwa akajifunze ukoo wa Labani ili aelewe nyangumi wa Kimarekani. Kwa nini?

#5 Ja-Siaya
Kipanga, hata huku Nairobi tulipitia hayo. Mwaka wa 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wakitaka idara ya Kiingereza ivunjwe, Afrika iwekwe katikati. Lakini hebu tazama huyo huyo Ngũgĩ alifanya nini mwaka mmoja kabla. A Grain of Wheat, 1967. Jina lenyewe limetoka kwa Paulo na Yohana, ile punje ya ngano isiyozaa mpaka ife. Ndani yake kuna Kihika, mpiganaji wa msituni, mwenye Biblia iliyopigiwa mistari, na aya anazozipenda ni zile za Musa kwa Farao. Mzungu alimpa kitabu ili atulie, yeye akakisoma akaingia msituni.

Sasa niambie, mwanafunzi asiyemjua Farao ataisoma vipi riwaya hiyo? Ngũgĩ ametutoka 2025 na bado hatujamalizana naye.

#6 Kipanga wa Ilala
Ja-Siaya hapo umenibana, nakubali. Lakini umethibitisha kwamba Biblia ni silaha iliyopokonywa. Hujathibitisha kwamba Idara inaifundisha hivyo.

#7 Mama Wawili
Binti Chumbageni, usidhani sisi wa Sunday school tulikuwa na nafuu. Mimi Mlutheri wa Moshi, kwaya tangu darasa la tatu, baba mzee wa kanisa. Nilipoingia kozi kama yako nikajua hapa nimefika nyumbani. Insha ya kwanza, kuhusu Ibrahimu kumpeleka Isaka mlimani, nikaandika kurasa sita za moto. Ikarudi na alama 8 kati ya 20 na sentensi moja kwa kalamu nyekundu: "Haya ni mahubiri." Nililia.

Mhadhiri wangu, Mungu ambariki, aliniita akanipa sura ya kwanza ya kitabu cha Erich Auerbach, Myahudi wa Ujerumani aliyekimbilia Istanbul wakati wa Hitler. Kilichapishwa 1946. Anamlinganisha Homer, mshairi wa Kigiriki wa kale, na Mwanzo 22. Kwa Homer, mtumishi akiligundua kovu mguuni, hadithi inasimama tuelezwe kovu lilipatikana wapi, nani alikuwepo, nyama gani ililiwa. Kwenye Mwanzo wanatembea siku tatu na hatuambiwi neno. Hatujui Ibrahimu aliwaza nini. Hatuambiwi Sara alijua au hakujua. Tunaambiwa kuni nani kabeba, moto na kisu nani kashika, basi. Halafu mtoto anauliza: moto upo, kuni zipo, mwana-kondoo yuko wapi?

Niliisikia hadithi hiyo mara mia kanisani na sikuwahi kuusikia ule ukimya. Mchungaji alikuwa anaujaza kila mara kabla sijaufikia. Kwa hiyo dada, kutokukua nayo kuna faida yake.

#8 Binti Chumbageni
Mama Wawili, nimesoma bandiko lako mara tatu. Asante.

Umenikumbusha kitu. Kisa hicho ndicho cha Idd el-Hajj kwetu. Lakini kwenye Qur'ani, Sura As-Saffat, baba anamwambia mwanawe kabisa: nimeota nakuchinja, wewe unaonaje? Na mtoto anajibu, baba fanya ulivyoamrishwa. Yaani kwetu kuna mazungumzo pale ambapo kwenu kuna kimya. Mtoto anajua. Kwenye Mwanzo mtoto anauliza na hapewi jibu kamili. Sijui kwa nini sikuliona hili darasani. Na kwetu mtoto huyo ni Ismaili.

#9 Ustadh wa Makorora
Binti yangu, hongera kwa kusoma. Nirekebishe kidogo. Aya yenyewe haimtaji mtoto kwa jina. Waislamu wengi leo wanasema ni Ismaili, lakini wafasiri wa zamani walihitilafiana, na At-Tabari mwenyewe aliegemea kwa Is-haka. Kwa hiyo usiseme "kwetu" kama jambo lililofungwa.

La pili, kusoma si kuamini. Soma kwa adabu, jua unachokisoma ni nini na huamini nini, na usiogope. Mimi mwenyewe nilipokuwa Unguja nilisoma Zaburi na Ayubu kwa Kiswahili. Sisi watu wa pwani tuna Utenzi wa Ayubu na wa Yusufu toka zamani. Mitume hawa si wageni kwako hata kidogo.

#10 Kipanga wa Ilala
Uzi wa chuo umegeuka darsa, ha ha. Ustadh shikamoo. Ila hoja yako ya tenzi ndiyo yangu: kwa nini Utenzi wa Ayubu haupo kwenye orodha ya kozi pembeni ya Ayubu wa Biblia?

#11 Ustadh wa Makorora
Marahaba. Hilo waulize wao. Ni swali zuri.

#12 Msomaji Tabora
Kipanga yuko karibu na ukweli ila ameushika mkiani. Gauri Viswanathan, msomi mwenye asili ya India, alichapisha kitabu 1989 akionyesha kwamba fasihi ya Kiingereza ilianza kushika nafasi kama somo huko India chini ya Waingereza, wakati Uingereza kwenyewe vyuo vikongwe vinasomesha Kilatini na Kigiriki. Serikali ya kikoloni iliogopa kufundisha Biblia waziwazi kwa Wahindu na Waislamu, watu wangeasi. Basi ikawapa Milton na wenzake, maadili yale yale yakiwa yamevaa nguo nyingine. Oxford ilianzisha shule yake ya Kiingereza 1894, Cambridge 1917, tena kwa ubishi.

Kwa maana hiyo, fasihi iliwekwa badala ya Biblia. Leo ukiiweka Biblia mezani mbele ya wanafunzi, unaonyesha kilichokuwa kimefichwa ndani ya somo tangu mwanzo. Mimi naona hiyo ni kazi ya ukombozi.

#13 HGL_2009
Msomaji Tabora, inaeleza somo lilivyoanza. Haielezi vitabu vyenyewe. Milton hakuandika kwa ajili ya Wahindi. Alikuwa kipofu, upande wake wa siasa umeshindwa, mfalme amerudi, anawatamkia watu mistari ya Paradise Lost waiandike, ikachapishwa 1667. Kisa cha Adamu na Hawa kilikuwa njia yake ya kuuliza kwa nini mapinduzi yalianguka. Yule Shetani wake mwenye ufasaha wa kutisha ni mwanasiasa.

#14 Mbeya Baridi
Mtasoma hayo yote mkaajiriwe wapi? Bumu lenyewe halitoshi kutoa kopi. Naulizia tu.

#15 Mama Wawili
Mbeya Baridi, mimi ni mhariri, nalipwa kwa kujua kilichoachwa bila kusemwa. Nilijifunzia kwa Ibrahimu. Turudi kwenye mada.

#16 Rabai Kwetu
Nijibu swali la pili, maana watu wamelikimbia. Soma kwanza kwa Kiswahili. Krapf alianza kutafsiri Mwanzo pale Mombasa mwaka wa 1844, kabla hata hajawa na kamusi ya maana. Askofu Steere na wenzake wakafanya ya Unguja, Biblia nzima ikatoka 1891. Ile ya Union ya 1952 ndiyo tuliyokua nayo wengi. Kiswahili chake kina mwendo. Chukua Ruthu, sura nne tu, unaimaliza kabla ugali haujaiva. Ukishaielewa hadithi ndipo uende kwa Kiingereza cha 1611. Vinginevyo utapigana na vitenzi vya kale na hadithi ikupite.

#17 HGL_2009
Nakupinga kwa heshima, Rabai Kwetu. Akisoma Kiswahili peke yake atakijua kisa lakini hatausikia mwangwi. Waandishi wa Kiingereza hawarudii visa tu, wanarudia maneno yale yale kwa mpangilio ule ule. Na maneno hayo yana damu. William Tyndale alichapisha Agano Jipya huko Ujerumani 1526 kwa sababu Uingereza ilikuwa marufuku, vitabu vikaingizwa kwa magendo ndani ya marobota ya nguo. Mwaka 1536 alinyongwa na mwili ukachomwa moto karibu na Brussels. Wale watafsiri 47 hivi wa Mfalme James walichukua sehemu kubwa mno ya sentensi zake. Alikusudia kijana wa kuswaga plau aelewe, ndiyo maana maneno ni mafupi. Sasa ukiupoteza ule ufupi umepoteza somo.

#18 Rabai Kwetu
Sijasema asisome Kiingereza. Nimesema aanze wapi. Hata huyo wa plau alianza na lugha ya mama yake.

#19 Ukwapi na Utao
Nafundisha Kiswahili sekondari, nimepita kimya kwa siku mbili, lakini kwenye zaburi siwezi kunyamaza.

Wanafunzi wangu huniambia zaburi si mashairi kwa sababu hazina vina wala mizani. Askofu Robert Lowth alilitolea maelezo Oxford, mihadhara kwa Kilatini, ikachapishwa 1753: ushairi wa Kiebrania unakwenda kwa jozi, kipande cha pili kinarudia, kinapinga au kinaongeza juu ya cha kwanza. "Mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu, na anga laitangaza kazi ya mikono yake." Mbingu na anga. Zauhubiri, laitangaza. Utukufu, kazi ya mikono. Sisi mshororo wetu una ukwapi na utao, mizani nane kwa nane, vina vinafunga mlango. Kwa Waebrania kinachofunga mlango ni maana.

Na ndiyo sababu zaburi ikitafsiriwa haifi. Shairi la vina ukilivusha mpaka linafika mifupa. Jozi ya maana inavuka nzima, iwe Kiingereza, Kiswahili au Kihaya. Mshairi Whitman wa Marekani aliitupa mizani akajenga mistari mirefu kwa mwendo huo huo. Kwa hiyo, Binti, hapo hauko nyuma ya mtu. Aliyezoea kusikiliza mshororo wa Kiswahili ana sikio tayari.

#20 Mlevi wa Vitabu
Namba 3 nimekubali kosa, nilikaririshwa hivyo. Nirudishe mchango mwingine: Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare aliyotafsiri Mwalimu Nyerere, 1969. Shylock, Myahudi mkopeshaji, anatetea riba kwa kisa cha Yakobo na kondoo wa Labani, Mwanzo 30, zile fito zilizobanduliwa maganda. Mpinzani wake anajibu kwamba hata shetani hunukuu maandiko. Tukiwa kidato cha pili tuliruka ukurasa ule, mwalimu alisema "hiyo ni dini". Baadaye nikagundua ugomvi wote wa tamthilia umo pale: nani ana haki ya kukifasiri kitabu wanachokigombea wote wawili.

Na Mwalimu huyo huyo mwishoni mwa maisha yake alizigeuza Injili kuwa tenzi, zikachapishwa 1996. Kipanga, orodha yako ya kozi ndiyo hiyo.

#21 Kipanga wa Ilala
Hapo sasa tunaelewana! Injili kwa bahari ya utenzi, ambayo wenyewe ni Waislamu wa pwani. Kozi ya namna hiyo ningelipa ada kesho.

#22 Mhaya wa Uskoti
Nimesoma shahada ya pamoja huku Uskoti, fasihi ya Kiingereza na masomo ya Biblia, miaka minne. Nichangie mawili.

Kwanza, huku tatizo limegeuka. Tulikuwa na riwaya ya Margaret Atwood ya 1985 kuhusu wajakazi wanaozaa kwa niaba ya mabibi zao. Mhadhiri akauliza Raheli na Bilha ni akina nani. Wazungu kimya, wengi hawajawahi kuingia kanisani ila kwenye harusi. Mimi wa Bukoba ndiye nilisimama nikasimulia Mwanzo 30. Kwa hiyo Kipanga, ile mali ya mkoloni sasa sisi ndio tunaitunza.

Pili, na hili ndilo liliniumiza: idara mbili, macho mawili. Upande wa Biblia wanauliza nani aliandika, lini, simulizi ngapi zimeunganishwa. Mwanzo 1 mtu anaumbwa mwisho, mume na mke pamoja. Mwanzo 2 mwanamume anaumbwa kabla ya wanyama na mwanamke mwisho. Wanasema ni mikono miwili tofauti. Upande wa fasihi wanasema sawa, lakini mhariri aliyeziweka pamoja alijua anachofanya, isome kama kitu kimoja. Robert Alter alilitetea hilo vizuri mwaka 1981. Niliandika insha moja kwa macho ya idara nyingine nikapata sapu.

#23 Mama Wawili
Mhaya, imani yako ilibaki?

#24 Mhaya wa Uskoti
Mwaka wa pili ilitikisika vibaya sana, sikwenda misa miezi mitano. Ilirudi, ila si ile niliyoondoka nayo Bukoba. Mama bado hajui, na sijui nitamwelezaje.

#25 Ja-Siaya
Pole ndugu. Asante kwa kusema.

#26 Mkulima wa Alizeti
Mnasema Biblia ya Wazungu, Biblia ya Wazungu. Magazetini mchezaji akirudi klabu yake ya zamani anaitwa nini? Mwana mpotevu. Anayesaidia majeruhi barabarani? Msamaria mwema. Msaliti? Yuda. Hata Mwislamu anayasema hayo. Imeshakuwa lugha yetu, kama vile "sadaka" na "riziki" zilivyotoka kwa Waarabu na Mkristo anazitumia madhabahuni. Ndiyo sababu inafundishwa, kwa maoni yangu: imo tayari.

#27 Binti Chumbageni
Wakubwa zangu, nimerudi na habari.

Nilimfuata mhadhiri ofisini. Aliniomba radhi kwa darasa kucheka, akasema jibu langu lilikuwa la kitabu kingine, halikuwa kosa. Amenikubalia insha ya mwisho iwe juu ya Ishmaeli.

Nimesoma Mwanzo 16 na 21 kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza (Rabai Kwetu na HGL, nimewatii wote wawili). Nilichokikuta: jina lenyewe maana yake Mungu anasikia. Hajiri akiwa jangwani anampa Mungu jina, Mungu aonaye. Mjakazi, mwanamke, mgeni wa Misri. Halafu sura ya 21 maji yanaisha, anamlaza mtoto chini ya kijiti, anakaa mbali ili asimwone akifa, na Mungu anasikia sauti ya kijana. Mimi nimekua nasikia Bi Hajara akikimbia kati ya Safa na Marwa. Huku anakaa, kule anakimbia. Nimekaa na sentensi hiyo siku nzima.

Kisha nikarudi kwa Melville. Meli yote inazama, anabaki Ishmaeli peke yake juu ya jeneza lililogeuzwa boya, na meli inayomwokoa inaitwa Raheli, inatafuta watoto wake waliopotea. Kwa hiyo yule mwenzangu darasani alisema kweli, ni mtoto aliyefukuzwa. Lakini ni mtoto aliyesikiwa pia.

#28 Kipanga wa Ilala
Binti, nzuri sana, ila jihadhari. Melville alikuwa anamwandikia msomaji Mprotestanti wa Marekani. Usimpe Kaaba ambayo hakuiwaza.

#29 Ukwapi na Utao
Sikubaliani. Msomaji naye huja na vyake. Akiandika "Melville alikusudia" atakuwa amekosea. Akiandika "mimi nikisoma nasikia" hajakosea.

#30 HGL_2009
Mhadhiri wa kwangu angekata alama kwa "mimi nikisoma nasikia". Mwulize wako kwanza.

#31 Rabai Kwetu
Kuna jambo limenikera hapo sura ya 21. Ibrahimu alikuwa na miaka 86 Ishmaeli alipozaliwa, na 100 alipozaliwa Isaka. Wanafukuzwa Isaka akishaachishwa ziwa. Kwa hesabu hiyo Ishmaeli ana miaka 16 hivi. Mbona analazwa chini ya kijiti kama mtoto mchanga?

#32 Mhaya wa Uskoti
Ndiyo ile mikono miwili niliyosema. Hesabu ya miaka ni ya mwandishi mmoja, kisa cha kijiti ni cha mwingine.

#33 Mama Wawili
Au mama mwenye kiu jangwani, mtoto wake wa miaka 16 anamwona mchanga. Mimi wa kwangu ana 17.

#34 Binti Chumbageni
Mhaya, hilo la mikono miwili lipo kitabu gani, na sura ya ngapi? Insha naikabidhi Ijumaa.